Jina la Kujazia Nafasi

Jumamosi, Machi 14, 1998

Mvua imechelewa na mji mzima unanuka gugumaji linalooza. Kutoka dirisha la ofisi ziwa halionekani tena. Ni kijani kitupu mpaka ng'ambo, kama shamba ambalo hakuna aliyelilima. Meli zimekwama bandarini, majani yamezishika.

Leo tumepata kazi. Ni ya kamati ya jamaa za waliozama Februari kwenye ile boti ya abiria iliyotoka Asembo Bay. Ilifika katikati, upepo ukasukuma gugumaji likaizingira, mawimbi yakaipindua. Wengine waliokolewa, wengine walitolewa wamekufa, na wengine hawajaonekana hadi leo. Hakuna aliyeandika abiria walipopanda, kwa hiyo hata walikuwa wangapi ni jambo la kubishaniwa. Kamati inataka websaiti yenye picha za waliopotea, majina na alama zao, ili mtu aliyeokota maiti Mwanza au Entebbe ajue ni ya nani. Misheni na hospitali kadhaa zina kompyuta, nazo zimekubali kuchapa kurasa zetu na kuzibandika ukutani.

Nilitaka kuanza kuandika programu leo hii. Gordon, ambaye ofisi ni yake, akazima kompyuta yangu kabisa. "Zeituni, ukishajenga ukuta ndio uulize mlango ukae wapi? Kwanza tunachora. Watu wajaribu karatasi. Wakikosa njia kwa karatasi, kwa kompyuta watapotea kabisa." Akanipa penseli, rula na karatasi zilizotumika upande mmoja.

Nadhani ni mtu baridi. Watu wamefiwa, yeye anazungumza habari za milango.

Jumanne, Machi 17

Mvua, hatimaye. Umeme umekatika mchana kutwa. Penseli haihitaji umeme, Gordon amefurahi.

Alhamisi, Machi 19

Kurasa zimeanza kupata sura. Juu kuna jina la kamati, chini yake visanduku vya watu, kila kimoja nimekipiga mistari miwili ya kukatana, ishara kwamba hapo patakaa picha. Ukibonyeza kisanduku unapelekwa kwenye ukurasa wa mtu huyo: jina, umri, nguo alizovaa, alama ya mwili, na chini namba ya simu yetu. Gordon hataki nipambe. Mifupa kwanza, anasema, nyama baadaye.

Mchana akaja Mama Dorca, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwembamba anayeuza mitumba soko la Kibuye. Binti yake Apiyo alikuwa kwenye boti. Akatoa picha ndani ya Biblia, akataka niibandike kwenye karatasi palepale. Gordon akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, hii tunachora ni ya kuharibu. Tutaikata, tutaifuta, tutaitupa kwa pipa. Sitaki mtoto wako atupwe kwa pipa."

Mama Dorca akairudisha picha ndani ya Biblia. Nami nikamtazama Gordon upya kidogo.

Alipoondoka, Gordon akaniambia nibuni mtu wa kujazia nafasi, asiyekuwepo, ili wanaojaribu waone ukurasa uliojaa unakaaje. Nikambuni huku natafuna andazi. Jentrix Nabututu, miaka ishirini na miwili. Gauni la njano lenye vifungo vyeupe. Kovu la kuungua kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Simjui mtu wa jina hilo. Lilikuja tu, likakaa.

Jumatatu, Machi 23

Leo nilikuwa kompyuta.

Hivyo ndivyo Gordon alivyonifundisha. Anayejaribu anagusa karatasi kwa kidole, mimi naiondoa na kuweka ukurasa alioubonyeza, na sisemi kitu. Kompyuta haielezi. Akikwama, naandika alipokwama. Tulikaa chini ya banda la kupimia samaki, Asembo Bay, wanawake wakicheka na kusukumana. Mmoja alibonyeza jina badala ya picha. Mwingine alitafuta pa kurudi nyuma akakosa, nikaandika: kitufe cha kurudi kiwe kikubwa. Kazi ilikuwa inakwenda.

Kisha akakaa Beldina, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale pale boti zinapopakia. Akabonyeza kisanduku cha kwanza, nikamwekea ukurasa wa Jentrix. Akausoma polepole, midomo ikicheza.

"Hii msichana mimi nilimwona," akasema. "Ile siku. Alinunua kwangu omena ya kupeleka kwao. Gauni ya yelo, na hivi vifungo."

Nikavunja sheria. "Mama, huyu si mtu. Ni mfano tu."

"Mfano ya nani?"

Wenzake waliacha kucheka. Upepo ulikuwa umekufa, gugumaji limefika mpaka kwenye mawe ya ufuo, na ziwa halikutoa sauti yoyote, hata ile ya maji kulamba mawe. Sijawahi kukaa kando ya ziwa lililonyamaza hivyo saa sita mchana.

Jumanne, Machi 24

Gordon alicheka, lakini kwa upole. "Mtu wa msiba huona kile anatafuta. Magauni ya njano ni mangapi hapa Nyanza? Kosa ni letu, tumemfanya kama mtu wa kweli. Badilisha."

Nimechora ukurasa mwingine, wa zamani nimeutia kwenye faili. Sasa jina ni Mtu Mfano. Nguo: nguo. Alama: alama.

Ijumaa, Machi 27

Tumerudi Asembo na karatasi mpya. Kitufe cha kurudi sasa wanakiona. Lakini Beldina alibonyeza kisanduku cha kwanza, akasoma "Mtu Mfano", akainua karatasi akatazama chini yake, kisha akatazama chini ya meza.

"Yule msichana mmemtoa. Amepatikana?"

"Hajapatikana, mama. Hakuwepo."

"Kama hajapatikana, mbona mmemtoa? Mkitoa mtu hapo, nani atamtafuta?"

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kugusa karatasi. Wanawake walisimama pembeni, mikono wameifumbata, wakinitazama kama mtu aliyefukua kaburi. Tulipokuwa tunafunga faili niliona ukurasa wa Jentrix wa juzi haumo. Kuna aliyeuchukua.

Jumatatu, Machi 30

Mvua. Barabara ya Migosi ni tope tupu.

Alhamisi, Aprili 2

Mtaa wa Obunga, kwa Walter, fundi wa baiskeli aliyenusurika kwenye boti. Nilimtaka kwa sababu haendi Asembo tena na hajui lolote la karatasi zetu. Gordon alikuja nami, nadhani ili anithibitishie kwamba sina haja ya kuogopa.

Walter alijaribu vizuri kuliko wote. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja. Mwisho akauliza, "Na mtu kama sina picha yake? Naweka wapi?"

"Mtu gani?" Gordon akauliza.

"Kulikuwa na msichana. Tulishika jerikeni moja, mimi na yeye. Nguo yake sikuona, ni kichwa tu ilikuwa juu ya maji. Tukaambiana majina, ndio kama mmoja akipona aseme. Yake alisema ni Jentrix. Ya baba sikushika, maji ilikuwa inaingia mdomo." Akafuta mikono kwenye kitambaa cha grisi, ingawa haikuwa michafu. "Ile majani ikapita katikati yetu. Ikapita hivi, polepole, kama mtu anafunga mlango. Kuangalia, hayuko."

Hakuna kati yetu aliyekuwa amelitaja jina hilo.

Ndani ya gari Gordon alisema Walter lazima amelisikia kwa watu wa Asembo, maneno husafiri. Halafu akasema labda mimi ndiye niliyelisikia, Februari, kwenye redio au mdomoni mwa mtu, nikasahau, likanirudia siku ile ninakula. Inawezekana. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kinauma. Nilichoona ni kwamba alisema yote hayo bila kuwasha gari, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Jumatano, Aprili 8

Idi. Nilikula kwa mama, Kaloleni. Akaniuliza mbona nachezea chakula, nikamweleza. Mama hakushangaa kama nilivyotaka ashangae. "Jina halikosi mwenyewe, Zeituni," akasema, akaniongezea pilau.

Jumanne, Aprili 14

Mama Dorca aliingia ofisini amelowa, bila kubisha hodi. Akaweka karatasi mezani. Ulikuwa ukurasa wangu, ule uliopotea, lakini umetolewa kopi, na kopi imetolewa kopi, mpaka mistari yangu ya penseli imekuwa mizito na myeusi. Mahali pa picha bado pana kile kisanduku kilichokatwa.

"Hii iko Kibuye. Iko Kondele. Madereva wa lori za samaki wanabeba wanapeleka mpaka Busia. Kila mtu ananiuliza, Mama Dorca, Jentrix amepatikana?" Sauti yake haikupanda. "Hakuna mtu ananiuliza Apiyo. Apiyo nimebeba mimi, nimenyonyesha, nimelipia shule. Mtoto yenu ya karatasi anatafutwa kuliko yangu ya damu."

Gordon alisimama akaomba msamaha. Nami pia. Tukamwahidi tutapita sokoni kuzibandua.

"Wazee wa nyumbani wanataka nizike yago," akasema. Ni lile tunda refu ambalo Wajaluo huzika mahali pa mtu ambaye ziwa halikumrudisha. "Wanasema mvua ikiisha bila kuzika, roho itahangaika. Nimewaambia mimi sitazika tunda. Sikuzaa tunda."

Alhamisi, Aprili 16

Tumebandua Kibuye yote. Jioni zilikuwa nyingine.

Jumanne, Aprili 21

Gugumaji limehama. Jana lilikuwa Dunga, leo limejaa upande wa bandari, na pale lilipokuwa maji ni meusi na wazi. Watu walisimama ufuoni wakiyatazama maji. Hakuna aliyesema anatafuta nini.

Jumatano, Aprili 29

Jaribio la nne, Homa Bay. Karatasi zimefanya kazi bila kasoro. Nashukuru hakuna aliyeuliza.

Jumanne, Mei 5

Simu kutoka Port Victoria, mtu anaitwa Wabwire, mhudumu wa chumba cha maiti cha misheni moja huko. Namba yetu iko chini ya ile kopi.

"Madam, mtu wenu tumempata," akasema, furaha tele. "Wavuvi wameleta juzi. Gauni ya njano, vifungo vyeupe. Nimeshamwandikia jina."

Jumatano, Mei 6

Naandika nikiwa nimechoka, lakini nisipoandika sitalala.

Tulikwenda watatu na gari la Gordon. Mama Dorca hakualikwa. Tulimkuta amesimama mlangoni mwa ofisi alfajiri, kwa viatu vya kanisani. Alikuwa amefikiria jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa: gauni linaweza kuwa la yeyote. Huyo waliyemwandika Jentrix anaweza kuwa Apiyo. Kwa ajili ya jina nililolibuni nikila andazi, mtoto wa mtu angezikwa na watu wasiomjua, na mama yake angengoja maisha yake yote. Njia nzima sikuweza kumtazama.

Wabwire ni mtu mchangamfu, mwenye gambuti zilizooshwa vizuri. Kopi yetu alikuwa ameibandika ndani ya mlango. Akafunua upande wa miguu kwanza. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kipande cha kadibodi kimefungwa kwa uzi: JENTRIX NABUTUTU. Mwandiko wa mtu mwingine, wino wa mtu mwingine. Nilihisi kana kwamba ameniita mtu niliyempa kisogo.

Sitaandika uso. Miezi majini haiachi uso. Gauni lilikuwa la njano na vifungo vilikuwa vyeupe. Nikainama nikatazama mkono wa kushoto. Ngozi pale ilikuwa imehifadhika, na haikuwa na kovu lolote. "Siye," nikasema kwa sauti, nikaona nafuu kubwa, kisha nikaona aibu. Siye nani? Huyu hapa alikuwa mtu.

Mama Dorca aliyatazama meno, maana Apiyo alikuwa na pengo la mbele. Akatazama muda mrefu. Halikuwepo.

Akavuta kiti cha Wabwire akakaa. Mvua ikaanza kupiga mabati kwa nguvu, tukawa tunapaza sauti ndani ya chumba kile.

"Andika Apiyo," akasema.

Wabwire akamtazama Gordon. "Ni wenu au si wenu?"

"Ni wangu. Toa hiyo karatasi. Andika Apiyo."

"Mama," Gordon akasema.

"Nimechoka, Gordon. Huyu hana mtu. Baraza itamzika kwa shimo ya wengi. Mimi nina nyumba, nina ng'ombe, nina shimo. Nitamzika vizuri kuliko mtu yeyote. Nani anaumia?"

Wabwire alikuwa ameshashika kalamu. Kwake ilikuwa sawa tu. Alitaka kitanda chake kiwe wazi. Na Gordon, mwenye neno kwa kila kitu, alitazama sakafu. Nikaelewa kwamba angeacha. Nami pia karibu niache. Ingekuwa rahisi hivyo, uzi na kadibodi. Mama angelala, wazee wangenyamaza, na jina langu lile lingetoka kwenye kidole cha marehemu.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama Dorca, mimi ndiye nilimwandika mtu jina si lake. Umeona imetufikisha wapi. Huyu ana mama yake. Leo pia ameamka anamtafuta, kama wewe."

Akanitazama kwa chuki ya kweli. Sijawahi kutazamwa vile, na sikuondoa macho. Halafu chuki ikamtoka polepole, akabaki mzee. Akainuka mwenyewe, akafungua ule uzi, akaitia kadibodi mfukoni. Akamfunika yule msichana miguu.

"Andika hajulikani," akamwambia Wabwire. "Na usimpeleke kwa shimo. Tunarudi."

Gordon ameahidi kulipia hifadhi ya miezi miwili. Njiani Mama Dorca alitazama nje mpaka Siaya. Hapo akasema, "Hata wewe ungeandika." Nikasema ndiyo.

Alhamisi, Mei 7

Gordon amefika amevaa shati la jana. Akasema, "Fungua kompyuta sasa."

Jumatano, Mei 20

Ninaandika programu tangu asubuhi mpaka ofisi inafungwa. Inakwenda haraka kuliko nilivyodhani, kwa sababu hakuna la kuamua. Kila kisanduku najua kinakaa wapi na kwa nini, naona mpaka vidole vya watu vilivyokigusa. Picha za waliopotea zimeingia, Apiyo wa kwanza, amevaa sare ya kwaya. Yule wa Port Victoria tumemtengenezea ukurasa wa aina nyingine: Amepatikana. Anatafuta watu wake. Jina halijulikani. Ni maneno ya Mama Dorca. Jentrix hatukumweka popote.

Jumatano, Juni 3

Tumepiga simu Nairobi, modemu ikalia, kurasa zikapanda moja moja. Kisha hakuna kilichotokea. Nje mvua imekatika na watu wameanza kuanika mahindi.

Jumanne, Juni 16

Saa nne asubuhi simu ililia. Mwanamume, sauti ya Bungoma.

"Naitwa Simiyu. Sista wa misheni hapa Webuye amebandika karatasi kwa mlango wa kanisa. Iko na msichana wa Port Victoria. Nafikiri huyo ni dada yangu. Nelima."

Nikamuuliza kila kitu tulichopanga kuuliza, na kila kitu kikalingana: urefu, meno, jino lililojazwa nyuma, mambo ambayo hatukuyaandika kwenye ukurasa. Ni Nelima. Alikuwa amekwenda ziwani kutafuta kazi ya kukausha samaki. Nilikuwa nalia, nimefunika simu kwa mkono ili asinisikie, na Gordon amesimama mbele yangu, kiganja kichwani. Mtu alikuwa na jina. Lilikuwa zuri, la kawaida, na sikulibuni mimi. Nilihisi dirisha limefunguliwa.

Nikamweleza njia ya kufika kwa Wabwire. Akashukuru, akashukuru tena. Nilidhani amemaliza.

"Madam, na mwenzake je?"

"Mwenzake yupi?"

"Walienda wawili. Hiyo gauni ya njano haikuwa ya Nelima, rafiki yake alimwazima ndio asafiri akiwa smati. Sisi wote hapa tunajua hiyo gauni. Yeye hamjampata? Anaitwa Jentrix."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka Gordon alichukua simu mkononi mwangu, akauliza, "Jentrix nani?" akasikiliza, akaketi juu ya meza taratibu kama mtu anayeshuka kwenye maji. Hakurudia alichoambiwa. Hakuwa na haja.

Baadaye akasema, kwa upole, kwamba lazima nililisikia mahali. Nikasema ndiyo, lazima. Hatukutazamana.

Mchana Mama Dorca alipita kutoka sokoni, na sikutaka kumwambia. Nilikumbuka karatasi ile juu ya meza, na sauti yake isiyopanda. Lakini nilimwambia, lote, mpaka gauni. Alisikiliza akiwa amesimama, mzigo wa mitumba begani. Nilingoja akasirike.

"Mama yake yuko?" akauliza.

"Simiyu anasema yuko. Anaishi peke yake."

Akauteremsha mzigo. Akavuta kiti karibu na kompyuta, mahali ambapo hajawahi kukaa, akataka nimfungulie. Apiyo akatokea na sare yake ya kwaya. Mama Dorca akaweka kidole kwenye kioo, kwenye nafasi tupu iliyokuwa upande wa kulia wa picha.

"Weka yeye hapa," akasema. "Karibu na Apiyo. Huko waliko ni baridi."